Nilikitungia Kigari Historia, Sasa Imeingia Kwenye Programu ya Ibada

Shangazi Eve,

Pokea salamu kutoka Kariobangi, na kabla hujaendelea kusoma tafadhali tafuta mahali pa kukaa, maana barua hii ni ndefu na mimi si mtu wa kuandika, mikono yangu imezoea nyundo. Nina miaka hamsini na sita, kwa hivyo huenda hata nimekuzidi umri, lakini mke wangu anakuita Shangazi, majirani wanakuita Shangazi, na mimi sitajifanya mkubwa siku ambayo nina shida. Nisaidie kabla Ijumaa ya wiki ijayo haijafika, na utaona kwa nini nasema Ijumaa.

Naitwa Ngigi (ukichapisha barua hii ubadilishe majina yote, tafadhali), mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuyapiga rangi hapa jua kali, na mke wangu ni Lydiah, Mama Shiru, ambaye ana cherehani yake pale chini ya ploti tunayoishi. Nataka ujue mapema kwamba sina shida ya nyumbani. Najua wanaume wakikuandikia huwa ni mambo ya mke au mambo ya mpango wa kando, mimi hayo sina, nakula vizuri, nalala vizuri, msichana wetu Shiru amemaliza chuo na amepata kazi, na ukiniuliza kama nina furaha nitakuambia ninayo ya kutosha, na sehemu kubwa ya furaha hiyo imo kwenye kabati la kioo lililo pale sebuleni kwetu, karibu na televisheni.

Ndani ya kabati hilo kuna vigari themanini na vitatu, na usidhani ni vitu vya watoto kuchezea, Shangazi, hata kama Mama Shiru alidhani hivyo miaka sita ya kwanza. Ni magari ya zamani, yale adimu ambayo hata ukikaa barabarani mwaka mzima hulioni hata moja, yametengenezwa kwa chuma na kupunguzwa kwa vipimo, kila kitu kikiwa kidogo mara arobaini na tatu kuliko gari lenyewe, taa, usukani, hata kishikio cha mlango. Mengi huyapata kwa Winny, ambaye huuza vitu vya kuchezea vya mitumba Gikomba, na robota likifunguliwa hunipigia simu kabla wengine hawajafika. Nikikipata kigari kimevunjika gurudumu nakitengenezea gurudumu, kikiwa hakina kioo nakikatia kioo kwa chupa ya plastiki, lakini kikiwa na rangi yake ya kwanza siigusi hata ikiwa imechubuka, na hilo kwangu ni gumu kwa sababu kazi yangu mchana kutwa ni kupiga rangi. Siku hizi Mama Shiru mwenyewe ndiye huvipangusa vumbi kwa brashi ya kujipaka poda, na wageni wakija yeye ndiye huanza kueleza, mimi nikiwa nimekaa tu nafurahi.

Sasa, sisi tupendao vitu hivi tuna chama. Tuko sita, tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi saa nane mchana katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi mmoja Ziwani, mwenyekiti ni Mativo, ambaye alikuwa dereva wa serikali hadi akastaafu, kuna Yahye wa vipuri, kuna kijana Austine wa kazi za ofisini, na wengine. Na chama chetu kina kanuni moja ambayo ndiyo iliyonifikisha hapa: kigari hakiwekwi mezani bila historia. Na si historia ya kiwanda, mwaka gani na injini gani, hiyo hata simu inaweza kukuambia. Lazima umtaje mtu wa hapa kwetu aliyewahi kuendesha gari la aina hiyo au angalau kulipanda. Mativo ana Peugeot 403 na historia yake ni ya mjomba wake aliyekuwa akibeba abiria kutoka Machakos. Yahye ana Land Rover ya kwanza kwanza, na babu yake aliipanda nyuma pamoja na mbuzi kumi na wanne. Ukileta kigari bila mtu, unaosha vikombe vya chai vya chama kizima, na jina lako linaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba umeosha.

Mimi nilikuwa nimeosha vikombe miezi miwili mfululizo, Shangazi. Mwezi wa tatu nikapata kwa Winny kigari ambacho sijawahi kuona kingine kama hicho, cha rangi ya buluu ya anga, milango inafunguka, chini yake kumeandikwa Borgward Isabella, gari la Kijerumani la miaka ya hamsini ambalo kiwanda chake kilifungwa kabla mimi sijazaliwa. Niliuliza wazee wa Kariobangi, wa Baba Dogo, wa Kaloleni, hakuna aliyelijua. Shiru akanitafutia kwenye simu akapata habari za Ujerumani tu. Jumamosi ikafika, nikaingia na kigari changu mfukoni nikijua naenda kuosha vikombe mara ya tatu, na nilipokiweka mezani wote wakainama kukitazama jinsi kilivyokuwa kizuri, na Mativo akasema, "Haya Fundi, hii ni ya nani?"

Nikafungua mdomo nikatunga. Kweli ya Mungu sikuwa nimepanga. Nikasema gari kama hili, la buluu hii hii, lilikuwa moja tu Eastlands nzima, na nikasema Ziwani kwa sababu nilikuwa naziona nyumba za Ziwani kupitia dirishani, na nikasema lilikuwa la karani wa reli kwa sababu wakati huo huo honi ya treni ililia, karani mrefu asiyecheka ovyo, na mwanamke yeyote wa Ziwani au Starehe akishikwa na uchungu, mumewe alienda kugonga kwa karani, na karani alitoka na funguo bila kuuliza swali, akampeleka mama hospitali, na siku ya kutoka akaenda kumchukua yeye na mtoto, na hakutaka chochote. Nikasema kuna watu wazima leo mjini hapa waliozaliwa kwa sababu ya gari hilo. Yahye alifuta macho. Austine akasema, "Fundi, hiyo story imeweza," na Mativo akaiandika yote kwenye kitabu cha chama kwa kalamu nyekundu, na hata kikombe changu mwenyewe sikuruhusiwa kuosha siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Sasa ndio niingie kwenye shida. Austine alienda akamwambia mamake, Mama Truphena, mwalimu mstaafu mwenye miaka sabini. Jumapili iliyofuata baada ya kanisa nikasikia hodi, ni Austine na mamake, wamebeba mkate, sukari na majani ya chai kama watu wanaokuja kwa heshima. Mama akaketi. Akaomba kukiona kigari. Nikamtolea, akakiweka kwenye kiganja, kisha akaniuliza, "Baba Shiru, huyo karani wa reli alikuwa anaitwa nani?"

Nikasema, "Jina silikumbuki, Mama."

"Hakuwa Okoth? Okoth wa Ziwani, mtu mrefu? Huyo ni baba yangu."

Shangazi, hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mama alikuwa tayari analia, Mama Shiru amemshika mkono, na mimi nikasema, "Inaweza kuwa yeye, Mama." Hayo tu. Kumbe kweli baba yake alikuwa karani wa reli, kweli waliishi Ziwani, na kweli alikuwa na gari, na huyo baba akafariki Mama Truphena akiwa na miaka kumi, na baada ya mazishi wajomba wakaliuza hilo gari, na hakuna picha hata moja. Ndugu zake wote wameshatangulia, amebaki yeye. Akaniambia, "Mimi gari ya baba nilikuwa naikumbuka ikiwa ya kijani, kijani kama majani ya maharagwe. Lakini nilikuwa mtoto, si ndio? Kumbe ilikuwa ya bluu." Akaendelea kunieleza jambo fulani kuhusu kofia ya baba yake ya kazini, kwamba akirudi jioni alikuwa anafika mlangoni na hiyo kofia, lakini mimi kwa woga kwamba ataniuliza swali lingine nikamkatiza, nikaongeza habari za mwanamke aliyejifungua mapacha humo garini wakiwa njiani. Akacheka na kulia pamoja. Alipokuwa anaondoka alinishika mikono yote miwili akasema, "Maisha yangu yote nilijua tu kwamba baba alikuwa mtu mkali. Sasa umenipa baba."

Tangu siku hiyo hunipigia simu. Juzi alianza kunisimulia siku walipokwama kwenye tope wakielekea kwao Ugenya, nami nikaona mambo yanazidi kuwa mengi, nikamwambia hilo tope nami nililisikia, nikaongeza kwamba waliolisukuma gari walikuwa wale akina mama aliowahi kuwapeleka hospitali. Sijui nilikuwa nafikiria nini, akina mama wa Ziwani walifikaje Ugenya. Lakini aliniamini.

Na sasa kuna ibada. Mwaka huu ni miaka sitini tangu baba yake afariki, na familia wanafanya ibada ya kumbukumbu kanisani, watu wanatoka Kisumu, wanatoka Siaya. Wiki iliyopita Austine aliniletea programu ili niisahihishe. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna picha ya kigari changu. Ndani imeandikwa kwamba marehemu alikuwa akiwapeleka akina mama waja wazito hospitali bila malipo. Na kipengele cha sita kinasema, "Historia ya Gari la Baba: Bw. Ngigi, fundi na mhifadhi wa historia." Mhifadhi wa historia, Shangazi. Programu inaenda kuchapishwa hiyo Ijumaa niliyokutajia.

Mama Shiru nimemwambia ukweli, naye akaingiza uzi kwenye sindano, kisha akasema, "Baba Shiru, si umemfurahisha mama wa watu? Umemuibia nini? Wacha hivyo, vaa suti, sema, kaa chini." Na mke wangu ni mtu wa kanisa. Chama nacho wakijua nitakuwa nimevunja kanuni ya pekee tuliyo nayo, na mimi nakipenda hicho chama kuliko hata timu yangu ya mpira. Lakini kinachonikosesha raha si chama. Ni kwamba yule mama amefurahi, sijawahi kuona mtu mzima akifurahi hivyo, na nikisema ukweli mimi ndiye nitakayemnyang'anya baba yake mara ya pili. Na nikinyamaza, nitasimama kwenye madhabahu kudanganya. Niambie nifanye nini. Mimi ni mtu mwenye furaha, sikuzoea hii hali ya kuangalia kabati langu na kutotaka kulikaribia.

Ngigi,
Kariobangi

*

Ndugu Ngigi,

Hilo si jina lako, na wewe na mimi tunajua lako ni lipi. Barua yako nimeiruhusu iruke foleni, na jibu hili nimekutumia kwa simu siku kumi kabla halijachapishwa hapa, kwa hivyo anayelisoma gazetini leo ajue kwamba wewe ulilisoma zamani na huna kisingizio.

Nianze na mazuri, maana yapo. Nimekaa kwenye safu hii miaka kumi na tisa nikisoma wanaume wanavyoharibu siku zao za mapumziko, na mwanamume ambaye Jumamosi yake inaisha kwa chai na magari madogo mimi simlaumu. Hicho chama chenu kimenifurahisha. Watu sita wanaokaa chini kuuliza ni nani aliyepanda gari gani na alikuwa anaenda wapi, hilo ni jambo zuri, na kama mngekuwa mnapokea wanawake ningekuja. Mke naye umepata. Hata huo uongo wenyewe, nikuambie bila kukuficha, ni mzuri, mimi pia nilifika mahali pa mama na mapacha nikatabasamu. Una kipaji. Ungekaa chini ukaandika kisa na kukiita kisa, leo ningekuwa nakupongeza.

Sasa nivumilie. Unasema unaogopa kumnyang'anya mama wa watu baba yake. Mheshimiwa fundi, umeshamnyang'anya, tena kwa mdomo wako mwenyewe, na ushahidi umeniletea wewe. Rudi usome barua yako. Mama Truphena alikuambia gari la baba yake lilikuwa la kijani. Hakusema anafikiri, hakusema aliambiwa, alikutajia mpaka majani yenyewe. Mtoto wa miaka kumi anajua rangi ya gari la baba yake, tena miaka ile ambapo magari ya Waafrika mtaani yalikuwa ya kuhesabika. Miaka sitini amelihifadhi gari la kijani kichwani, bila picha, bila kabati la kioo, na siku aliyokuja kwako na mkate na sukari akaliacha mlangoni kwa sababu fundi amesema ni buluu. Wewe ambaye kigari kikiwa na rangi yake ya kwanza huigusi hata ikiwa imechubuka.

Na si hilo tu. Alianza habari za kofia, ukamkatiza. Alianza habari za tope, ukazichukua ukazijaza watu wako. Katika barua yako yote najua mwanamke wa kubuni alijifungua watoto wangapi, lakini sijui Mzee Okoth alifanya nini na kofia yake alipofika mlangoni. Wewe pia hujui. Mtu aliyeitwa mkali, anayefika jioni, na binti yake mdogo bado anaikumbuka kofia hiyo akiwa na miaka sabini, unafikiri kulikuwa na nini hapo? Mimi sijui, lakini ningetoa chai yangu ya asubuhi kujua. Huenda wema uliokuwa unahangaika kumtungia ulikuwa umo humo humo, na wewe ukaufunika.

Mama Shiru namheshimu, na ana moyo mwema, lakini swali lake la umemuibia nini nimelijibu. Mwambie Shangazi anamsalimu na kwamba kwa hili amekosea.

Kuhusu kusimama madhabahuni usiniulize tena, hilo wewe mwenyewe unalijua, ndiyo maana uliandika. Hutasimama. Jina lako litoke kwenye programu, na picha ya kigari itoke, na ile sentensi ya akina mama waja wazito itoke, na atakayeitoa ni Mama Truphena akishajua, wala si wewe kwa kumnong'oneza Austine apunguze hapa na pale. Usimpitie Austine kabisa. Huyo kijana alikuja kwako kwa heshima, na heshima yake ni wewe kumkabili mamake kwanza. Yeye utamwambia siku hiyo hiyo, baadaye.

Kisha chama. Jumamosi ya pili ikifika, simama useme, na Mativo akichukua kalamu yake nyekundu mwache afute. Vikombe utaosha, pengine mpaka mwaka uishe, na sabuni ubebe mwenyewe. Lakini ukishaviosha, inua mkono ulete hoja. Kanuni yenu ni nzuri ila ina kasoro, haina nafasi ya mtu kusema sijui. Mmemfanya mtu mwenye kigari kisichojulikana aonekane mjinga, na mtu asiyetaka kuonekana mjinga hutunga. Nina hakika kama kitabu hicho kingepekuliwa vizuri, hata wale mbuzi kumi na wanne wa Yahye wangepungua. Ruhusuni kigari kikae mezani na karatasi iliyoandikwa kwamba mwenyewe bado anatafutwa. Isabella wako wa buluu hana mtu hapa Nairobi unayemjua, basi andika hivyo, na uendelee kuuliza.

Ngigi, sitakudanganya kwamba Mama Truphena atakucheka na kukusamehe papo hapo. Anaweza. Amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, amesikia uongo wa kila rangi. Lakini pia anaweza kukufukuza, au kukaa kimya mpaka utamani akufukuze, na lolote atakalochagua ni haki yake, nawe usimpigie simu kesho yake kumuuliza kama bado amekasirika. Akikasirika, kasirikiwa kama mtu mzima. Ninachojua ni kwamba atakuwa anamkasirikia fundi mmoja wa Kariobangi, na baba yake atakuwa amerudi mahali pake.

Basi fanya hivi. Nenda Jumapili hii baada ya kanisa, mchana, kabla Ijumaa yako haijakaribia. Nenda peke yako, usimbebe Mama Shiru akushikie mtu mkono. Kigari kiache nyumbani, maana ukikiweka mezani mtazungumza habari za kigari. Beba kalamu na daftari tupu. Usianze na mvua na bei ya unga, ukishakaribishwa kiti sema, "Mama, ile hadithi niliitunga mimi mwenyewe. Baba yako sikuwahi kumsikia mpaka siku ulipomtaja. Nimekukosea." Usiongeze kitu hapo, usieleze habari za vikombe, usijitetee. Subiri. Na kama hatakuonyesha mlango, mwombe akuambie gari la kijani lilikuwaje, na kofia ile, na tope lile, kwa maneno yake, polepole, nawe uandike kama anavyosema, hata akisema baba alikuwa mkali, hata akirudia jambo mara tatu, hata chai ikipoa. Mdomo wako ubaki umefungwa mpaka amalize. Siku ya ibada asimame yeye asome, na wewe ukialikwa ukae viti vya nyuma usikilize.

Nenda Jumapili hii, usingoje nyingine. Ana miaka sabini, na duniani hakuna mtu mwingine aliye hai aliyewahi kukaa katika kiti cha nyuma cha gari hilo.

Wako mwenye kukukaripia kwa nia njema,
Shangazi Eve